Kufokasi gizani: shajara ya mradi wa picha za usiku, Mombasa

Mradi wenyewe

Mradi huu ni wa picha za watu wanaofanya kazi usiku hapa Mombasa: wauza kahawa wa Mji wa Kale, akina mama wa viazi karai, walinzi wa maduka, wavuvi. Sharti ni moja: kila mtu apigwe kwa mwanga uleule anaofanyia kazi. Kama ni makaa, ni makaa. Kama ni balbu ya jirani inayovuja dirishani, ni hiyo hiyo. Flashi haitumiki. Ingeniondolea taabu karibu yote ninayoiandika hapa, lakini makaa ya muuza kahawa yakipigwa flashi hugeuka majivu, na uso wake huwa uso wa mtu aliyeshtuliwa. Hilo silitaki kwa watu hawa.

Uhaba wa mwanga peke yake haunitishi. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 6400 chengachenga zitaonekana, ila picha inasomeka, na programu ya kompyuta inaweza kuzipunguza baadaye. Fokasi, yaani kuipanga lenzi ili kitu kitoke kikali, haina dawa ya baadaye. Jicho la mtu likikosa ukali limekosa, hata ukae na picha hiyo mwezi mzima kwenye kompyuta. Ndiyo maana shajara hii ni ya fokasi tu.

Vifaa: DSLR (kamera ya kioo cha ndani na lenzi za kubadilisha) ya mitumba yenye sensa, yaani kipokea picha, ya fulu fremu, ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani; lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, nyingine ya milimita 35 ya f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), na tripodi. Vingine vimeongezeka njiani, vingi vyake si vya dukani.

Kibokoni, Jumanne baada ya Isha

Muuza kahawa niliyeanza naye hukaa barazani, dele, lile birika la shaba la kahawa, mbele yake juu ya makaa, vikombe vidogo kando ndani ya bakuli la maji. Chini kuna mwanga wa makaa. Juu kuna balbu moja iliyo mbali, nyuma ya bega lake la kushoto. Kwa macho unamwona vizuri. Kamera haikumwona. Kituo cha fokasi, ile alama ndogo inayoiambia kamera ishike wapi, kilipokuwa shavuni, lenzi ilikwenda hadi mwisho, ikarudi, ikaenda tena, kama mtu anayepapasa ukutani akitafuta swichi. Shata haikufyatuka.

Mzee alikuwa akinitazama.

"Mwanangu, hiyo kamera yako yatafutani?"

"Yatafuta pa kushika, mzee."

"Basi naishike dele. Hili lang'aa."

Nikahamisha kituo kutoka shavuni hadi kwenye ukingo wa dele, pale shaba inapokutana na giza, na lenzi ikashika papo hapo. Mwanga haukuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni mpaka.

Sababu iko ndani ya kamera yenyewe. DSLR hufokasi kwa kulinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi. Sehemu ya mwanga huo hupelekwa chini na vioo hadi kwenye sensa ndogo ya fokasi, na hapo taswira mbili huwekwa sambamba. Zikilingana, kitu kiko kwenye fokasi. Zikipishana, kamera inajua zimepishana kiasi gani na kwa upande gani, ikaisukuma lenzi. Lakini ili taswira mbili zilinganishwe lazima ziwe na kitu cha kulinganisha: mstari, ukingo, mahali weusi unapoishia na weupe kuanza. Shavu lililo kivulini halina kitu hicho. Kanzu nyeupe tupu haina hata saa sita mchana.

Kamera zinazofokasi kwa kupima utofauti kwenye sensa kuu ya picha zina njia nyingine: huisukuma lenzi mbele na nyuma, zikitafuta pale ambapo weusi na weupe vimeachana zaidi. Nazo zinataka mpaka uleule. Gizani chengachenga za sensa huvuruga kipimo, na ndiyo maana hupapasa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukubali au kukata tamaa.

Tangu usiku huo, kabla ya kuinua kamera naangalia mipaka ya mtu iko wapi. Fremu ya miwani. Ndevu nyeupe dhidi ya shingo. Kola ya kanzu. Mstari mwembamba wa taa upande mmoja wa pua. Bora kuliko vyote ni kofia ya viua. Vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, kimoja kando ya kingine, vinampa mzee yeyote wa Mji wa Kale mipaka mingi sentimita chache tu juu ya macho yake. Nimefokasi kwenye kofia ya viua katika giza ambalo uso wenyewe ulikuwa umekataa kabisa.

Namba za EV

Jioni bila kupiga picha, nimekaa na vitabu vya maelezo ya kamera.

Watengenezaji hutaja kiwango cha giza ambacho otofokasi, yaani fokasi inayofanywa na kamera yenyewe, inaweza kukivumilia, kwa kipimo cha EV. Kwa ISO 100, EV 0 ni mwanga unaohitaji sekunde 1 kwa tundu la f/1, na kila namba moja ikishuka mwanga umepungua nusu. Mandhari iliyomulikwa na mwezi mpevu huwa kati ya −3 na −2 hivi. Nikon D750 ya mwaka 2014 imeandikiwa −3. Canon EOS R6 ya mwaka 2020 imeandikiwa −6.5, na hapo inafaa kusoma maandishi madogo: ni kwa lenzi ya f/1.2, kwa kituo cha katikati. Kutoka −3 hadi −6.5 mwanga umepungua mara 11 hivi, hatua kubwa sana kwa miaka sita. Lakini mtu akifunga lenzi ya f/2.8 badala ya hiyo ya f/1.2, hatua zaidi ya 2 za mwanga (kila hatua ni kupungua nusu) zimeshakwenda kabla hajatoka nyumbani.

Kwa hiyo namba hizo zinaeleza hali bora kabisa. Hazielezi shavu la mtu aliyekaa kivulini.

Jambo moja linalonisaidia kwenye DSLR: wakati wa kufokasi, tundu la lenzi huwa wazi lote, hata kama umeliweka f/8. Hujifunga pale tu shata inapofyatuka. Maana yake otofokasi haipungukiwi mwanga hata kama picha utaipiga kwa tundu dogo.

Ndia Kuu, chini ya madirisha

Mlinzi hukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango mkubwa wa kuchonga, na juu yake kuna madirisha ya mbao ya vibao vilivyolala, kimoja juu ya kingine. Nilimtaka upande wa kulia wa fremu, na madirisha yajaze kushoto. Kituo cha fokasi cha pembeni hakikushika kibao hata kimoja, ingawa mistari ilikuwa tele na taa ya mtaa ilikuwa ikiipiga sawasawa.

Vituo vya pembeni vya kamera yangu husoma mistari ya mwelekeo mmoja tu. Cha katikati ni cha msalaba, kinasoma wima na mlalo. Mstari uliolala sambamba na kituo hauonekani kwake, hata ungekuwa mkali vipi. Dawa yake ni nyepesi: kuinamisha kamera ubavu kiasi cha nyuzi 45, vibao vikawa mshazari mbele ya sensa, kituo kikashika, kisha nikainyoosha kamera na kupiga. Kuizungusha kamera kwenye mhimili wa lenzi hakubadilishi umbali, ndiyo maana hila hii ni salama. Kufokasi kwa kituo cha katikati halafu kuigeuzia kamera pembeni ni jambo lingine. Ukiwa karibu na umefungua f/1.8, kule kugeuza kunatosha kulihamisha jicho nje ya ukali.

Kuta nazo zina tabia zao. Ukuta uliopakwa chokaa laini hauipi kamera chochote. Pale chokaa ilipobambuka na mawe ya matumbawe yakatokeza, mwanga wa ubavuni huchora vivuli kwenye kila shimo, na fokasi inashika hata kwa mwanga hafifu mno. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ina kuta za namna hiyo upande wote, na mtu akisimama karibu na ukuta wake nafokasi ukutani kwanza, kisha naye anasogea pale pale.

Fokasi nimeitenganisha na kitufe cha shata. Sasa iko kwenye kitufe cha nyuma, chini ya kidole gumba. Nikishapata fokasi naachilia kidole, na shata inafyatuka bila kuianzisha lenzi upya. Kwa kazi ya usiku sioni sababu ya kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani.

Mpaka wa kupelekewa

Mahali pengine mtu hana mpaka wowote. Amevaa nyeusi, amekaa kwenye giza, hana miwani wala kofia. Hapo mpaka unapelekwa.

Mpwa wangu, ambaye amekuwa msaidizi wangu katika kazi hii, anasimama kando ya mtu na kushika simu usawa wa jicho lake, skrini ikituelekea, imejaa maandishi meusi kwenye weupe. Hakuna kitu rahisi zaidi kwa otofokasi kukishika. Lenzi ikishatulia nasogeza swichi yake kutoka AF (fokasi ya kamera) hadi MF (fokasi ya mkono), simu inaondoka, mtu anaendelea na kazi yake, nami napiga. Mradi mimi sijasogea wala yeye hajasogea, fokasi iko pale pale.

Tochi nayo inafaa, kwa namna ileile: kuwasha, kufokasi, kufunga, kuzima, kungoja macho ya mtu yatulie. Naimulika begani, simuliki usoni. Ule mwanga mwekundu unaotolewa na baadhi ya flashi kwa ajili ya kusaidia fokasi nimeujaribu kwa idhini ya mlinzi wa duka. Unachora mistari kwenye uso usio na mistari, na fokasi inashika. Lakini hufanya kazi tu kamera ikiwa kwenye fokasi ya kushika mara moja, haufiki mbali, na kila aliye karibu anageuka kutazama. Kalamu za leza siziruhusu kabisa kwenye mradi huu. Zinaweza kudhuru macho ya watu na sensa ya kamera pia.

Kuna onyo kuhusu lenzi ambazo pete yake ya fokasi haiungani na vioo moja kwa moja, bali hutuma amri kwa injini ndogo. Baadhi yake husahau mahali zilipokuwa kamera ikizimika au ikilala. Ukifunga fokasi kwa lenzi ya namna hiyo, izuie kamera isijizime.

Futikamba na chaki

Hapa ndipo mradi ulipopata miguu, na nitakaa zaidi.

Shida ya dele ilikuwa bado. Fokasi ikishika dele, uso wa mzee unakosa ukali, maana dele liko karibu nusu mita mbele yake. Nikapiga hesabu ya kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, kwa kipimo cha kawaida cha fulu fremu. Milimita 50 kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2: sentimita 17 hivi. Hiyo ni pua hadi nyuma ya sikio. Dele haliingii. Milimita 35 kwa f/2, umbali uleule: sentimita 40 hivi. Na tofauti ya mwanga kati ya f/1.8 na f/2 ni kama theluthi ya hatua, kitu ambacho ISO inakilipa bila mtu kugundua. Nikifunga hiyo ya 35 hadi f/2.8 napata sentimita 56. Hapo, nikifokasi katikati ya dele na uso, dele linaingia, uso unaingia, na mkono unaomimina kahawa unaingia.

Kwa hiyo lenzi ya milimita 50, ambayo kila mtu huisifia usiku kwa sababu ya tundu lake, nimeiweka kando kwa kazi nyingi za karibu. Napoteza ule ulaini wa nyuma unaopendwa. Napata mtu pamoja na kazi yake, na mradi huu ni wa kazi.

Hesabu hizo zinatoa ruhusa ya pili: kuiacha otofokasi kabisa. Nikijua mtu yuko mita 2 na nina zaidi ya nusu mita ya ukali, futikamba ya fundi inatosha. Mpwa wangu anashika ncha katikati ya dele na uso wa mzee, mimi nasoma kwenye ile alama iliyochorwa juu ya mwili wa kamera, duara lililokatwa na mstari, inayoonyesha mahali sensa ilipo ndani. Umbali hupimwa kutoka hapo. Ukipima kutoka mbele ya lenzi utapunguza sentimita kadhaa. Naweka pete ya lenzi kwenye mita 2, naibana kwa kipande cha teipu, na kwenye sakafu ya baraza nachora mstari wa chaki pale miguu yangu ilipo. Nikitoka kwenda kumpisha mteja, narudi kwenye mstari.

Namba za kwenye pete haziaminiki zote, zimechapwa kwa kukadiria. Nilizihakiki mchana: futikamba, boksi lenye maandishi, picha, kisha vipande vidogo vya teipu kwenye pete kwa mita 1.5, 2, 2.5, 3 na 4, vimekatwa kwa maumbo tofauti ili kidole kivijue bila taa. Kazi ya mchana mmoja, na sasa mkono unafokasi bila jicho.

Mzee aliifurahia futikamba kuliko kamera. "Sasa wapima kama fundi wa nguo," akaniambia, akatulia vizuri zaidi kuliko alivyowahi kutulia.

Kupima umbali badala ya kutafuta mpaka si jambo geni. Polaroid walitoa mwaka 1978 kamera ya SX-70 Sonar iliyofokasi kwa sauti isiyosikika na masikio ya binadamu: inatuma mlio, inasubiri urudi, inajua umbali. Giza halikuwa kitu kwake, kama lisivyo kitu kwa popo. Kilichoishinda ni kioo cha dirisha, maana sauti ilirudi kutoka kwenye kioo na mtu aliye nyuma yake akabaki bila ukali. Simu za iPhone 12 Pro za mwaka 2020 zina kipimo cha LiDAR kinachofanya kazi ileile kwa mwanga usioonekana, na ndicho kinachozisaidia kufokasi usiku. Sensa ya kamera yangu haina kitu hicho. Futikamba inayo.

Ukungu

Dokezo fupi kwa yeyote anayepiga picha pwani. Kamera iliyokaa kwenye chumba au gari lenye AC ikitolewa nje kwa ghafla usiku wa kaskazi, lenzi inaota ukungu, na hakuna fokasi yoyote, ya mashine wala ya mkono, itakayopita hapo. Kufuta hakusaidii, unarudi. Kamera ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kutoka, iachwe humo hadi ipate joto la nje. Unyevu utaganda juu ya plastiki badala ya kioo. Mimi sasa siiweki kamera kwenye chumba cha AC siku ya kazi.

Ufukweni Mama Ngina, vitu vya mbali

Kwa picha za mandhari za kufungulia mkusanyiko nilihitaji fokasi ya mbali kabisa. Alama ya mbali kwenye lenzi (∞) si mahali pa kubana pete na kuondoka. Lenzi nyingi huachiwa nafasi ya kuzidi hapo, kwa sababu joto hubadilisha vipimo vya ndani na otofokasi inahitaji kupita na kurudi. Ukizungusha hadi mwisho, taa za meli zinatoka kama sarafu.

Kinachofaa: tripodi, kamera kwenye skrini ya nyuma, kuikuza taswira mara 10, kuielekeza kwenye taa ya meli iliyotia nanga nje, na kuizungusha pete polepole hadi nukta iwe ndogo kuliko zote. Ukipita, inaanza kukua tena, unarudi. Skrini ni bora hapa kuliko kitundu cha kuchungulia, na si kwa sababu ya ukuzaji peke yake. Kioo cha kuchungulia cha DSLR nyingi za leo hakionyeshi ukali halisi wa f/1.8, kinaonyesha kama vile lenzi ni ya f/2.8 au hata ndogo zaidi. Jicho linaridhika mapema mno.

Kwa usiku ambao nukta inacheza kwa sababu ya joto la hewa juu ya maji, nimetengenezewa barakoa ya Bahtinov. Ni karatasi ngumu nyeusi yenye mianya iliyokatwa kwa pande tatu, inayowekwa mbele ya lenzi. Aliyeibuni ni Pavel Bahtinov wa Urusi, mtazamaji wa nyota, mwaka 2005. Nukta ya mwanga ikipita kwenye mianya hiyo hutoa miale: miwili inakatana kama herufi X, na wa tatu unapita katikati. Ukizungusha fokasi, ule wa tatu unahama upande mmoja hadi mwingine. Ukikaa katikati barabara, umefika. Mianya yangu imekatwa na fundi wa stika za tuktuk kwa mashine yake ya kukatia herufi, na imetoka safi sana. Picha ikiwa tayari kupigwa barakoa huondolewa, maana inakula mwanga na kuacha alama.

Viazi karai, Jumamosi

Huyu mama hatulii, wala hatakiwi kutulia. Anainama kugeuza, ananyooka kumpa mteja, anageuka kuchukua ukwaju. Buibui jeusi, nyuma yake giza, na mwanga ni moto wa jiko pamoja na taa moja ya LED iliyoning'inizwa kwenye waya. Kufuatisha kwa otofokasi kumeshindikana hapa. Kila anapoinuka, kituo kinaangukia kwenye kitambaa cheusi na lenzi inaanza kupapasa.

Kilichofaa ni kumngoja. Ukingo wa karai unang'aa kwa mafuta na moto, mpaka mzuri kupita kiasi. Nikafokasi hapo, nikafunga, nikasogeza pete kidogo mbele hadi usawa wa uso wake anapoinama. Kisha sikugusa tena. Akiinama, anaingia mwenyewe kwenye ukali, ananyooka, anatoka. Napiga mfululizo anapoelekea chini, na wakati shata inafyatuka nasogeza kichwa na kamera mbele kidogo, kiasi cha upana wa kiganja, ili mfululizo upite umbali kadhaa. Moja au mbili kati yake hukamata kope kwa kope. Inakula kadi ya kumbukumbu, na kuchagua kunachosha, lakini kwa mtu anayetembea sijaona njia bora.

Taa ya LED ilileta lake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kwa shata ya 1/250 ya sekunde picha nyingine zilitoka na ukanda wa giza katikati. Nikashusha hadi 1/100, ukanda ukatoweka. Lakini 1/100 kwa mtu anayesogea ni mwendo wa hatari, na hapa ni lazima kutofautisha makosa mawili ambayo kwenye skrini ndogo yanafanana. Picha ikikosa fokasi, kuna kitu kingine mbele au nyuma kilicho kikali: mpini wa kijiko, kifundo cha ukwaju. Picha ikitikiswa na mwendo, hakuna kilicho kikali kwenye kitu kile, na nukta za mwanga zimekuwa mistari yenye mwelekeo. Ya kwanza inatibiwa kwa pete. Ya pili kwa shata. Kila ninaporudi nyumbani naipanga mifano ya aina zote mbili kwenye mafolda tofauti, na kwa kweli aina ya pili ni nyingi kuliko nilivyotarajia kwa akina mama wa viazi, na chache sana kwa wauza kahawa.

Picha ya mama huyu akiwa ameinama, moshi ukipita kati ya uso na karai na macho yake makali kabisa, ndiyo bora katika mkusanyiko mpaka sasa. Nimempelekea nakala iliyochapwa. Ameibandika kwenye kioo cha kabati lake la viazi, na wateja wanauliza ilipigwa na nani.

Maandalizi ya baharini

Waliobaki ni wavuvi. Wanaovua kwa taa hutoka mwezi ukiwa gizani, kwa sababu samaki hawaifuati taa kama mbalamwezi imejaa baharini. Kwa hiyo hakutakuwa na mwanga wowote isipokuwa taa yenyewe, na chombo kitakuwa kinapanda na kushuka. Tripodi haina maana ndani ya mashua. Skrini ya kukuza mara 10 haina maana. Simu ya kufokasia haina mahali pa kushikwa.

Kinachobaki ni umbali, na ndani ya mashua umbali haubadiliki: benchi liko pale lilipo, anayevuta wavu anasimama mahali pale pale. Nahodha ameniruhusu nipande mashua ikiwa ufukweni mchana. Nimepima kutoka nitakapokaa hadi kwa mvuta wavu: mita 2.5 kasoro kidogo. Hadi taa, mita 3.

Nitatumia milimita 35 kwa f/2.8, pete imebanwa kwa teipu kwenye mita 2.5, otofokasi imezimwa. Hesabu inanipa ukali kuanzia mita 2.1 hadi mita 3 hivi, kwa hiyo mvuta wavu yuko ndani na taa iko mpakani. Shata haitashuka chini ya 1/125 kwa sababu ya mawimbi, na ISO itapanda hadi itakapofika. Mpwa wangu habebwi safari hii, nafasi ni ya mtu mmoja. Kabla ya hapo nimebakisha kuzihakiki upya alama za pete, maana joto la juma hili limeilegeza gundi ya teipu ya mita 2.5 na imesogea upana wa ukucha.